Siku Mzee alipokaa msibani kwa Whitney

Juzi mtoto wa dada kaniletea simu mpaka puani, kuna binti kwenye mashindano ya kuimba anapasua koo, majaji wamesimama, mmoja kajishika kifua kabisa, halafu dogo ananiuliza, "Anko, hivi huu wimbo wa nani?"

Nikamwambia wa Whitney Houston, halafu nikaona nimpe yote, maana I Will Always Love You asili yake ni wa Dolly Parton, mwimbaji wa kantri wa Marekani, kautunga mwenyewe, ukatoka 1974, na wala hakuwa analilia mpenzi, alikuwa anamuaga Porter Wagoner, bosi wake wa kwenye kipindi cha TV, ili aende kujitegemea. Yaani barua ya kuacha kazi ile, na watu wanauweka harusini wameshikana viuno! Elvis naye aliutaka, meneja wake akang'ang'ania wapewe nusu ya haki za wimbo, Dolly kagoma, japo mwenyewe anasema alilia usiku kucha. Nafika hapo dogo keshahamia video ya paka.

Mi nikabaki nayo, kwa sababu ule wimbo siwezi kuusikia bila kuona jeneza.

Februari 2012. Whitney kafariki tarehe 11, siku moja kabla ya tuzo za Grammy, kwenye hoteli ya Beverly Hilton, ana miaka 48, na ile pati ya kila mwaka ya Clive Davis, bosi wa muziki aliyemtoa Whitney, ikafanyika usiku ule ule, hoteli ile ile, sijui watu walikuwa wanacheza kwa miguu gani. Wiki nzima TV ni yeye tu. Walewale waliommaliza kwa vichekesho tangu enzi za kile kipindi chao na mumewe, Being Bobby Brown cha 2005, ghafla wamevaa nyeusi wanaongea kwa sauti ya chini.

Sasa Mzee wangu kwa mastaa hana muda. TV kwake ni mpira na taarifa ya habari, akikukuta unafuatilia nani kaachana na nani anauliza, "Hao wanakulipa shilingi ngapi?" Basi Jumamosi ile tarehe 18 akaingia sebuleni ibada ndio inaanza, laivu kutoka New Hope Baptist kule Newark, kanisa alilokulia Whitney akiimba kwaya. Akachukua rimoti, ile rimoti ambayo mfuniko wa betri ulishapotea tukafunga na rababendi, nikasema hapa tayari, tunahamishwa. Hakuhamisha. Akakaa ncha ya kochi kama mtu anayeondoka sasa hivi, rimoti mkononi, kofia kichwani.

Ile ibada ilikula karibu masaa manne! Stevie Wonder kaimba, Alicia Keys kaimba, Bobby Brown, aliyekuwa mumewe, kaja na watu wake, pakatokea sintofahamu ya viti, akaondoka mapema. Mzee kimya. Akapanda mwigizaji Kevin Costner, akaongea kama dakika 17, akasimulia jinsi Whitney alivyokuwa na woga siku ya majaribio ya The Bodyguard, filamu waliyocheza wote na ndiyo yenye wimbo huu, kajipaka mekapu yake mwenyewe, taa zikaiyeyusha ikawa inamchirizika usoni, ikabidi wasimamishe. Whitney huyo huyo tuliyekuwa tunadhani kazaliwa anajiamini. Miaka mingi baadaye Costner akaja kusema kuna kituo kilimwomba afupishe wapate kuweka matangazo ya biashara, akawajibu wayaweke tu huku yeye anaongea. Hilo siku ile hatukulijua, ila Mzee alishampima. "Huyu mzungu kalelewa," akasema.

Halafu likainuliwa jeneza. Kinanda kikanyamaza, hakuna anayeimba, mi nikadhani ndio mwisho, na kwenye ule ukimya ikaingia sauti. Sauti yake. Bila chombo hata kimoja, maana ndivyo wimbo unavyoanza, na ni huyo huyo Costner aliyeshikilia 1992 kwamba uanze sauti tupu wakati watu wa studio wanaona redio hazitaupiga (ukakaa wiki 14 namba moja Marekani, hao watu wa studio sijui waliongea nini baada ya hapo). Wabebaji wanakwenda hatua kwa hatua, nyuma mama yake, Cissy, kashikwa huku na huku.

Mzee akaniambia, "Punguza." Rimoti anayo yeye. Kabla sijasema kitu akasema, "Hapana, ongeza," akaongeza mwenyewe, kile kimstari cha kijani kikatembea kwenye skrini mpaka spika zikaanza kukwaruza. Cissy alipopita karibu na kamera, Mzee akavua kofia, ndani ya nyumba, mbele ya TV, akaiweka gotini. "Anajiaga mwenyewe," akasema, sijui ananiambia mimi au nani. Pale katikati ambapo vyombo vinakatika halafu ngoma inagonga pu! mara moja, nilimwona kashtuka kama hajawahi kuusikia. Na huo wimbo ulishapigwa redioni kwetu mpaka kuku wanaujua.

Sijawahi kuelewa vizuri tulikuwa tunafanya nini pale. Kulia mtu usiyemjua, ambaye asingekujua hata mkigongana mlangoni, ukikaa ukafikiria ni jambo la ajabu kidogo. Na zile kamera, je? Familia ndio iliruhusu ibada irushwe, sawa, lakini baadaye kuna gazeti la udaku likaweka ukurasa wa mbele picha yake yuko ndani ya jeneza, na watu waliinunua, na sina uhakika mstari kati ya hao wanunuzi na sisi wa kwenye kochi ulipita wapi. Labda kwenye kofia. Labda haupo. Bobbi Kristina, binti yake, naye akafuata 2015, miaka 22 tu, na mimi hizo habari niliziruka, sikutaka hata kufungua.

Mzee hajawahi kulizungumzia tena. Mashangazi wakimtania kwamba aliwahi kukaa kwenye msiba wa Whitney mwanzo mwisho, anawaambia alikuwa anasubiri taarifa ya habari.