Chombo cha Ra: kumbukumbu ya mradi wangu, rasimu ya tatu

Nimeitupa rasimu ya pili ya riwaya yangu fupi ya kisayansi, wala sijutii. Humo giza lilikuwa adui na nuru mkombozi, na msomaji angeubashiri kila ukurasa kabla hajaufunua. Wazo la kuwafanya miungu kuwa binadamu wenye mitambo nililiacha mapema zaidi, kwa kuwa mwandishi Roger Zelazny alilitumia kwa miungu ya Kihindu katika riwaya yake Lord of Light mwaka 1967, nami sina cha kumzidi.

Kilichoniokoa ni Amduat, maandiko ya Misri ya kale yaliyochorwa katika kaburi la Farao Thutmose wa Tatu, yanayosimulia jinsi Ra, mungu wa jua, anavyosafiri kwa chombo katika saa 12 za usiku, zinazohesabiwa tangu machweo kama tunavyohesabu sisi. Katikati ya safari Ra huungana na maiti ya Osiris, mungu wa wafu, na ni humo gizani anamopata uhai wa kuchomoza alfajiri akiwa Khepri, mwenye sura ya mbawakawa. Katika maandiko mengine, anayesimama omo na mkuki kumkabili joka Apep, adui wa Ra, ni mungu Seth, yule yule aliyemwua Osiris. Muuaji ndiye mlinzi wa jua! Naye Apep, katika saa ya saba, huyanywa maji ili chombo kikwame mchangani. Nilipofika hapo nilielewa kwamba tishio la kweli ni kukwama. Giza ni njia tu.

Kwa hiyo nimeihamishia hadithi kwenye sayari inayoielekezea nyota yake upande mmoja daima, kama Mwezi unavyoielekea Dunia. Inadhaniwa kwamba sayari ya Proxima Centauri b, ambayo ugunduzi wake ulitangazwa mwaka 2016, huenda iko hivyo. Upande wa mchana unaunguza, upande wa usiku ni barafu, na watu wangu wanaishi katika ukanda mwembamba wa machweo yasiyokwisha.

Sura sita zimekamilika. Ya saba inanisumbua, kwani chombo kimekwama barafuni na anayeweza kukikwamua ni fundi aliyemwua nahodha wa kwanza. Wiki hii ninaandika upya mazungumzo yake na binti wa marehemu, ambaye sasa ndiye nahodha na hana budi kumwomba ashike zamu ya omo.