Sanduku la Kilo 23

Usiku huu sanduku limelala wazi katikati ya sebule, na mizani ya mkononi imeniambia mara tatu mfululizo kwamba lina kilo 24.6. Kesho alfajiri natoka Nantes, magharibi mwa Ufaransa, kwa treni hadi Paris, kisha ndege hadi Dar es Salaam, kisha basi hadi Tanga, na tiketi yangu inaruhusu kilo 23 tu. Nguo nimekwisha kuzipunguza mpaka zimekuwa za aibu. Kilichobaki kujadiliwa ni chakula, yaani vile vitu nilivyovikusanya kwa wiki mbili kutoka kwenye rafu za supamaketi ya mtaani kwangu, nikijiambia kila jioni kwamba kimoja zaidi hakitazidisha uzito.

Si sikuzote nimebeba kwa busara. Katika safari yangu ya kwanza nilichukua Camembert mbili, kwa sababu nilitaka nyumbani waionje Ufaransa yenyewe. Camembert ni jibini laini ambayo huendelea kuiva hata baada ya kununuliwa, na joto huiharakisha. Nilipofika Dar es Salaam niliihamishia kwenye mkoba wa mkononi ili isipondwe na mizigo ya wenzangu. Tulipopita Chalinze, abiria wa kiti cha mbele alifungua dirisha bila kusema neno. Tulipokaribia Segera, konda alisimama katikati ya basi akauliza, kwa upole wa kutisha, ni nani aliyevua viatu. Macho yote yakamwangukia kijana mmoja aliyekuwa amekaa na soksi tupu, naye akavaa viatu vyake huku akiapa kwamba si yeye, nami nikageuza uso nikayatazama mashamba ya mkonge kama mtu anayeyaona kwa mara ya kwanza. Nyumbani Mama alifungua kile kiboksi cha mbao, akakifunga, akaniuliza kama nina hakika kwamba sijauziwa kilichooza. Siku hizi, nikitaka kubeba jibini, nachukua Comté. Ni ngumu, imefungwa bila hewa, na haina la kuficha. Gurudumu lake moja huwa na uzito wa kilo 40 hivi na hutumia takriban lita 400 za maziwa, na Baba, ambaye alifuga ng'ombe wawili wa maziwa, hula kipande chake polepole huku akipiga hesabu za ndoo.

Kipande hicho cha Comté hakitoki sandukuni, na biskuti za Petit Beurre hazitoki pia, kwa kuwa ni nyepesi na ni za mji wangu wa sasa. Zilibuniwa hapa Nantes mwaka 1886 na Louis Lefèvre-Utile, na mnara wa kiwanda cha zamani bado umesimama kando ya mfereji, ingawa ndani siku hizi kuna maonyesho na muziki badala ya tanuri. Biskuti hiyo huhesabiwa kuwa na meno 52 pembezoni, pembe zake nne zikiwemo, na inasemekana meno ni majuma ya mwaka na pembe ni majira yake. Watoto wa dada yangu huhesabu meno hayo kabla ya kula, hugombana, kisha huzichovya kwenye chai ya maziwa hadi ugomvi unalainika.

Pipi nazibeba kwa tahadhari. Nyumbani kwetu ni nyumba ya Waislamu, na pipi nyingi laini za huku hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe, hivyo husimama kwenye rafu nikisoma maandishi madogo hadi wateja wengine wananizunguka na matoroli yao. Yakiandikwa «gélatine de porc», pakiti inarudi ilikotoka. Nougat ya Montélimar ilinipa usumbufu mdogo zaidi, kwa kuwa ni asali, sukari, ute wa yai na lozi, na shangazi yangu aliipokea kama jamaa ya kashata aliyekwenda kusoma ughaibuni.

Jemu nimeziacha zamani. Zile zenye mfuniko wa drafti nyekundu na nyeupe nilizikuta siku moja katika supamaketi ya Dar es Salaam, na wenzetu wa Nairobi wamekuwa na Carrefour yao, supamaketi ya Kifaransa, tangu 2016, sasa kwa nini nibebe chupa nzito za kioo kupita bahari?

Badala yake ninabeba krimu ya marron. Marron ni aina ya njugu kubwa ya miti ya Ulaya, yenye ganda gumu la kahawia, ambayo wakati wa baridi huchomwa na kuuzwa barabarani kama sisi tunavyouza mahindi ya kuchoma. Katika mji wa Privas, mkoani Ardèche, Clément Faugier alianza mwaka 1885 kutumia vipande vilivyovunjika wakati wa kutengeneza marron za sukari, akavichanganya na rojo la marron, sukari na vanila. Huuzwa kwenye makopo, lakini pia kwenye tyubu, na tyubu ndiyo inayonifaa kwa sababu haivunjiki. Bibi aliichukua kwa dawa ya meno. Nilipomminyia kidogo kwenye kipande cha chapati, alionja, akanyamaza, akaonja tena, kisha akasema, «Mjukuu wangu, umepanda ndege kuniletea kiazi kitamu?» Sikuwa na la kujibu, maana ladha yake kweli ni ya kiazi kitamu kilichopondwa na kutiwa vanila. Lakini ile tyubu iliishia chini ya mto wake, na kila ninapopiga simu kabla ya safari haniulizi habari za Ufaransa bali za kile kiazi. Mwaka huu nimechukua tyubu sita, na hata moja siipunguzi.

Siagi ni mgogoro wa kila mwaka. Ninayoipenda ni ya chumvi, ambayo sehemu nyingine za Ufaransa huiona kama tabia ya watu wa Bretagne, eneo hili la magharibi. Tabia hiyo ina historia yake. Kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa, kulikuwa na kodi kali ya chumvi iliyoitwa gabelle, na Bretagne ilisamehewa, kwa hiyo watu wa huku waliendelea kuhifadhi siagi kwa chumvi bila kuhesabu gharama. Kodi ilifutwa mwaka 1790, lakini ulimi haukubadilika. Mimi huigandisha kwa siku tatu, naifunga kwa magazeti, kisha naiviringisha ndani ya kanga katikati ya sanduku. Hufika imelegea lakini haijamwagika, nayo huishia kwenye mkate wa boflo.

Kisha kuna chumvi yenyewe. Guérande si mbali na hapa, na huko maji ya bahari huingizwa na kujaa kwa maji, yakapitishwa bwawa hadi bwawa yakizidi kuwa makali, mpaka kwenye vijibwawa vya mwisho ambako jua na upepo humaliza kazi. Chumvi ya punje kubwa hukokotwa kutoka chini na huwa ya kijivu kwa sababu ya udongo wa mfinyanzi. Ile nyeupe nyepesi, fleur de sel, huelea juu kama ukoko mwembamba na huenguliwa siku ileile.

Mara ya kwanza nilipoitoa, watu walicheka hadi wakalala kwenye mkeka, kwa kuwa mtu kupeleka chumvi Tanga ni sawa na kupeleka nazi Pangani. Mjomba peke yake hakucheka. Alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu. Alichukua punje chache, akazisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akazinusa, akaziweka ulimini na kufumba macho. Kisha akaniuliza wanaengua saa ngapi, na upepo unatoka wapi. Nilipomwambia mara nyingi ni jioni, akaitikia kwa kichwa kama aliyekuwa akilijua jibu. Akamenya embe bichi, akanyunyiza chumvi ile na pilipili, akanipa kipande cha kwanza. Siku ya kuondoka aliniletea furushi la chumvi ya kwetu, lililofungwa kwa uzi, na lipo jikoni kwangu hadi leo.

Mizani bado inasema 24.6. Kuna chupa nne za haradali ya Dijon, ambayo nilianza kuibeba mwaka 2022, ilipoadimika huku kwa sababu ya ukame wa Kanada zinakotoka mbegu nyingi, na kila mteja akaruhusiwa chupa moja tu. Nilidhani kitu kinachogombaniwa hivyo lazima kitapendwa. Kaka yangu husema inapanda puani bila kuaga, na chupa ya mwaka juzi bado iko kabatini kwa Mama, haijafunguliwa.

Nimezitoa zote nne. Kilo 22.8.