Jeni ya Kukeni

Babu mzaa baba alituachia daftari la nasaba lililofungwa kwa kitambaa cha kijani, na hapa Lamu si nyumba yetu peke yake yenye daftari la namna hiyo. Ndani yake mna wanaume wa vizazi saba. Nililifungua tena mpwa wangu alipopoteza nuru ya katikati ya macho yote mawili, daktari akatuuliza ni nani mwingine wa kukeni aliyepofuka akiwa kijana, nami sikupata humo hata jina moja la kumjibu.

Mpwa wangu ni mchonga milango. Jicho la kulia lilianza bila maumivu, la kushoto likafuata baada ya wiki sita. Akiutazama mlango huiona miimo na nakshi za pembeni, lakini waridi lililo mbele ya patasi yake limefutika. Mwanzoni tuliambiwa abadilishe miwani, na muda ukapotea bure.

Kosa lilikutwa katika jeni iitwayo MT-ND4, ambayo haimo katika kiini cha seli bali ndani ya mitokondria, vijumba vinavyoipa seli nguvu, kwenye duara dogo la DNA lenye herufi 16,569 na jeni 37 tu. Jeni hiyo huelekeza uundaji wa protini mojawapo ya kimeng'enya cha kwanza katika mnyororo wa upumuaji wa seli, ambacho hupokea elektroni kutoka kwa NADH, molekuli inayozibeba, na kusukuma protoni kuvuka utando wa ndani, na kwa msukumo huo seli hupata nguvu. Mahali pa 11778 palipostahili G pamekaa A, basi asidi amino ya 340, yaani kijenzi cha 340 cha protini hiyo, ikawa histidini badala ya arginini. Herufi moja! Theodor Leber, daktari wa macho wa Kijerumani, aliyaeleza maradhi haya ya kurithi ya neva ya jicho mwaka 1871. Kosa lenyewe lilitambuliwa na mtaalamu wa jenetiki Douglas Wallace na wenzake mwaka 1988.

Mitokondria hurithiwa kwa mama. Dada yangu anayo jeni hiyo yenye kosa, na bila shaka mimi pia, ingawa macho yangu ni mazima, kwani wengi walio nayo hawapofuki, na wanaopofuka wengi wao ni wanaume. Wanangu hawakuirithi kwangu. Sigara nimeiacha, maana huongeza hatari.

Juzi nilikaa na mama mkubwa, nikaandika majina ya wanawake katika ukurasa mpya. Alipofika kwa bibi yake alinyamaza kidogo, kisha akamtaja kaka wa bibi huyo, aliyekuwa akipapasa kuta za vichochoro tangu ujanani, na watu wakisema amerogwa.