Usiku Jangwani Ilipofungwa

Aprili 2018 mvua iliipiga Dar mpaka Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani. Nilikuwa nimekwenda Magomeni kumjulia hali dada, nikitegemea kurudi Kariakoo kabla ya magharibi. "Utapita wapi na bonde limejaa? Lala hapa," akaniambia. Mpwa wangu akachomeka flashi kwenye runinga. "Mjomba, Kuch Kuch Hota Hai umeshaiona?"

Swali gani hilo! Picha ilitoka 1998, nami niliiona kama miaka miwili baadaye, kibanda umiza cha Tandale, kiingilio shilingi 50, nimebanwa kwenye benchi chini ya bati la moto. Pembeni ya deki alisimama mkalimani na maiki yake. Kihindi sidhani kama alikijua. Shah Rukh Khan akifungua mdomo, jamaa anatuambia analotaka yeye: mara Rahul anadaiwa kodi ya chumba, mara mkuu wa chuo kamfuma na binti yake. Salman Khan alipojitokeza kama mchumba wa Anjali, tulimzomea kibanda kizima. Boya tu yule, stelingi tulikuwa tunamjua.

Basi kwa dada nikakaa mkao wa kucheka.

Anjali, yaani Kajol, mwanzoni ni msichana wa nywele fupi anayecheza mpira wa kikapu na Rahul na kumfunga. Ni rafiki yake wa chanda na pete. Anagundua kwamba anampenda, anakwenda kumwambia, kumbe mwenzake naye anakuja na lake: anataka kufanyia mazoezi maneno atakayomwambia Tina, yule binti wa mkuu wa chuo. Anayafanyia mazoezi kwake. Kwa kitambo kidogo Anjali anadhani anaambiwa yeye. Mkalimani wa Tandale aliweka hapo utani wake mkubwa kuliko wote, kitu cha Anjali kudai nauli ya kurudi kwao, na tulicheka hadi mwenye kibanda akapiga bati kututuliza.

Safari hii hakukuwa na maiki. Kulikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, nayo sikuyasoma, maana nilikuwa namtazama Kajol usoni. Tabasamu linaanza, linafika nusu, halina tena pa kwenda. Macho yameshajua, mdomo bado haujapata habari. Miaka yote hiyo nilikuwa nasema nimeiona picha hii!

Dada alikuwa anakunja kanga. Aliyoishika ikabaki mapajani.

"Hapo mlicheka, eti?"

"Tulicheka."

"Hata mwenzako alicheka. Alikuja kunisimulia jioni ile ile, uani, na utani wote."

Sikuuliza mwenzangu yupi. Picha ilikuwa imerudi kwa mtoto wa Rahul na Tina anayesoma barua ya nane aliyoachiwa na marehemu mama yake, na mimi barua ile ikanikumbusha nyingine. Dada alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote mtaani. Alikuwa pia anacheza nasi chandimu, beki, hapitiki. Rafiki yangu alipompenda binti wa mtaa wa pili, alimwomba dada amwandikie barua. Dada akaandika. Mpelekaji nilikuwa mimi, kwa shilingi 100, ambazo ni viingilio viwili vya kibanda. Yule binti ndiye mkewe mpaka leo.

Kuanzia hapo nilitazama kimya. Dada ndiye aliyekuwa akiguna. Anjali aliporudi na nywele ndefu, akacheza kikapu kwa sari na safari hii akafungwa, dada akasema, "Kwa hiyo mpaka ajitandaze sari ndiyo anaonekana mtu?" Hapo sina la kuitetea picha. Mpwa wangu akatuomba tunyamaze, kisha akapitiwa na usingizi palepale kwenye mkeka, hata harusi hakuiona.

Mimi niliiona. Salman Khan anasimama na mavazi yake ya bwana harusi, anamwangalia Anjali, anaelewa, na mwenyewe anamwachia. Lile neno la Tandale lilinifika mdomoni kwa mazoea tu. Nikalimeza.

Nje bati liliendelea kupigwa na mvua. Dada akaweka kanga ya mwisho juu ya nyingine, akailainisha kwa kiganja.

"Ile barua uliisoma njiani?"

"Sikuisoma."

"Muongo," akasema, akainuka kuzima runinga.