Noti yangu ya dola 20 ilivyokataliwa sokoni Kadutu

Nilitoka Kigoma kwenda Bukavu, mashariki mwa Kongo, nikijua kwamba dola zinapokelewa madukani kama franga. Nisichojua ni kwamba noti yenye mpasuko, hata wa milimita 2, wauzaji huikataa.

Mvua ilinikuta napanda kuelekea soko la Kadutu, matope yakinifika kifundoni. Nilipotaka kulipia kitenge, noti zilikuwa zimelowa na kugandana. Nikaivuta moja ya 20 kwa haraka, ikachanika pembeni. Mama muuzaji aliinyanyua kwenye mwanga, akanirudishia taratibu: "Yaya, hii haipiti." (Huko yaya ni ndugu mkubwa.)

Kosa ni kuzibandua zikiwa mbichi. Mama yule, Mungu ambariki, alifungua daftari lake la madeni, tukazilaza zilizobaki katikati ya kurasa kavu, tukakandamiza kwa rundo la vitenge. Baada ya nusu saa hivi ziliachana zenyewe, nzima kabisa.

Ile iliyochanika niliipeleka kwa mbadilisha pesa aliyeketi chini ya mwavuli kando ya barabara. Alinipa franga za dola 17, nikakubali. Kisha nikarudi kuchukua kitenge changu, cha buluu chenye ndege.

Siku hizi noti zangu hukaa bapa ndani ya mfuko wa nailoni, bila kukunjwa.