Siku ya kuchambua vibushuti

Saa 11 alfajiri. Hata mswaki sijapiga, nimeshamulika tangi kwa tochi. Saa hizi ndipo hewa ya majini inapopungua kuliko wakati wowote, na samaki wakizidiwa utawakuta juu, midomo wazi. Leo wametulia. Tangu jana jioni sijawapa kitu, maana samaki aliyeshiba ukimshikashika siku ya kuchambua, hafiki mchana.

Saa 1 asubuhi. Mpwa wangu kaja na karai. Hapa Ndanda jua likishapanda kazi hii haifai. Vifaranga hawa wa sato wana wiki sita, wote wametoka mdomoni mwa mama mmoja (sato huatamia mdomoni), lakini ukiwatazama utadhani ni baba na wajukuu. Wakubwa wanafika urefu wa kidole, wadogo hawazidi kucha ya dole gumba. Tunateka kwa kipande cha chandarua, tunamwaga kwenye tenga la plastiki lililoelea majini. Wembamba wanapenya matunduni, wanene wanabaki. Waliopenya: 74.

Mmoja nikamweka kiganjani na maji yake. Kichwa kikubwa, kiwiliwili kijiti, mkia umetafunwa ukabaki nusu.

"Mjomba, hivi vibushuti si tuwape bata tu?"

Sita tuliwapa bata kweli, wale waliopinda mgongo; hao hawanyooki. Wengine nilikataa. Kifaranga wa namna hii mara nyingi hana ugonjwa, kanyimwa: wenzake wanamfukuza kwenye chakula, anabaki na makombo. Ukimtenga unamjua. Kwa hiyo 68 wakaingia kwenye pipa lililokatwa ubavu, peke yao, dagaa na mashudu ya ufuta yaliyotwangwa mpaka yakawa kama poda, mara nne kwa siku. Nawapa wiki tatu.

Saa 4. Shambani, kupalilia mikorosho. Hakuna la kusimulia.

Saa 7 mchana. Nimerudi, nimewalisha.

Saa 10 jioni. Mzee mmoja kaja kutafuta mbegu ya bwawa lake. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, macho yake yakaenda kwenye pipa. "Mwanangu, hawa wadogo si utanipunguzia bei?"

Nikamwambia yaliyonipata. Mwaka wa kwanza niliuza wanono wote wa miezi mitano, masalia nikayafanya wazazi. Kumbe kwa sato dume ndiye anayekua haraka, kwa hiyo masalia yale mengi yalikuwa majike, pamoja na madume machache yaliyodumaa. Wakazaana wakiwa hawajafika hata ukubwa wa kiganja. Bwawa likajaa vidagaa wa kugombania pumba, nikavua ndoo nzima isiyotosha kitoweo cha wageni wawili. Wa pipani wakinenepa nitawakaanga, ila kuwa wazazi, hapana. Na kumuuzia mtu nisichokitaka bwawani kwangu, siwezi.

Akanung'unika, akachukua wakubwa, nusu ya idadi aliyoitaka. Mfuko wa plastiki, maji kidogo, hewa nyingi, akafunga kwenye baiskeli.

Saa 2 usiku. Nimepunguza theluthi ya maji ya pipa, nimeongeza mapya. Tochi tena. Yule wa mkia nusu kajibanza ukingoni, mbali na wenzake, lakini tumbo limetuna.