Nilivyojifunza Kuchambua Vikwazo vya Kiuchumi

Niliingia katika uchambuzi wa vikwazo vya kiuchumi nikiwa na shahada ya uchumi, nikiamini kwamba kazi yenyewe ni kulinganisha majina na orodha za waliowekewa vikwazo. Katika ripoti yangu ya kwanza nilieleza kwamba kampuni moja ya usafirishaji haikuwa na tatizo, kwa kuwa jina lake halikuwamo katika orodha ya Wizara ya Fedha ya Marekani. Msimamizi wangu aliirudisha ikiwa na swali moja tu pembeni: ni ya nani? Nilipofuatilia daftari la wanahisa nilikuta watu wawili waliomo katika orodha hiyo, mmoja akiwa na asilimia 30 na mwingine asilimia 25. Kwa mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014, hisa za namna hiyo hujumlishwa, na zikifikia asilimia 50 mali za kampuni huzuiwa hata kama haijatajwa popote.

Tangu hapo nilijiwekea utaratibu wa kusoma sheria yenyewe kabla ya habari zinazoihusu. Nilianza na Ibara ya 41 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, inayolipa Baraza la Usalama mamlaka ya kuweka vikwazo bila kutumia silaha, kisha Azimio namba 661 la Baraza hilo la mwaka 1990, lililoiwekea Iraki vikwazo vya biashara lakini likaruhusu dawa, na pia chakula katika mazingira ya kibinadamu. Ruhusa ilikuwamo katika maandishi, lakini raia waliteseka mno, na hilo ndilo lililonifanya niipe kazi hii moyo wangu wote. Benki inayoogopa faini ya kukiuka vikwazo hukataa hata malipo halali ya dawa. Ndiyo maana Baraza la Usalama lilipopitisha Azimio namba 2664 mwezi Desemba 2022, likitoa msamaha kwa misaada ya kibinadamu katika vikwazo vyake vya kuzuia mali, nililisoma neno kwa neno.

Ujuzi mwingine niliupata katika takwimu za forodha. Mimi hulinganisha mauzo yaliyoandikwa na nchi moja na mapokezi yaliyoandikwa na nchi ya pili. Pengo likiwa kubwa, huenda bidhaa zimeelekezwa kwingine, ingawa nauli na bima, ambazo kwa kawaida huhesabiwa upande wa mwagizaji, nazo huleta tofauti. Ilinichukua muda mrefu kuacha kuita kila pengo ukwepaji wa vikwazo.

Siku hizi ripoti zangu hueleza nani atazuiwa na nani ataumia bila kukusudiwa, na sehemu hiyo ya pili ndiyo ninayoiandika kwanza.